Siku Isiyo na Kosa Katika Nyumba ya Sultani Badiri

Hapo zamani, watu walipokuwa wakiamini kwamba mfalme hakosei ila kwa kupenda mwenyewe, palikuwa na sultani katika mji wa Ungameni, jina lake Badiri. Sultani huyu hakuogopa vita, wala njaa ya raia wake haikumkosesha usingizi, bali jambo moja lilimnyima raha, nalo ni kosa dogo. Kosa kubwa aliweza kulivumilia, hasa likiwa lake. Lakini mtumishi akimwaga tone la maji sakafuni, basi nyumba nzima ilitetemeka siku hiyo. Mwandishi wake alipata kusimamishwa juani kutwa, kidau cha wino kichwani, kwa ajili ya nukta moja iliyokaa mahali si pake. Mfagiaji aliyesahau jani moja uani alilazimishwa kulitafuna mpaka likaisha. Na kila adhabu ilipotolewa, Waziri Mselemu alisimama pembeni akiisifu, kwa maana kazi ya Mselemu ilikuwa kusifu, na katika kazi hiyo hakupata kukosea hata siku moja.

Katika jiko la Sultani alikuwamo mpishi aitwaye Mize, mwanamke mwepesi wa mkono na mwenye kujua kazi yake. Sasa Sultani alikuwa ameamuru vyombo vyote vya jikoni viwe namna moja, vyeupe, vyenye vifuniko vyeupe, ili akipita apendezwe. Ikawa asubuhi moja Sultani ana wageni, na Mize anapika uji wa mchele huku akiharakishwa na watu watatu kwa mpigo, akanyoosha mkono achukue sukari, akachukua chumvi. Sultani akapiga funda moja mbele ya wageni, akalitema. Hakuuliza neno. Akaamuru Mize afungwe, kisha siku ya nne afukuzwe mjini asirudi tena.

Mume wa Mize aliitwa Vuai, mshona viraka, ambaye mali yake yote ilikuwa sindano tatu na mkeka. Watu wa Ungameni walimhesabu kuwa mpumbavu, kwa sababu alikuwa akifanya jambo sawasawa na alivyoambiwa. Bibi mmoja tajiri alipata kumwambia asiondoke mlangoni pake mpaka amwite, kisha akamsahau. Vuai akakaa pale siku mbili, akala kila sahani iliyopita, na alipokemewa akajibu kwamba bado alikuwa hajaitwa.

Basi Vuai aliposikia habari ya mkewe, akaenda barazani, akapiga magoti, akaeleza kwamba Mize hakukusudia, na kwamba chumvi na sukari zimekaa bega kwa bega katika vyombo vilivyofanana kama mapacha, na mtu yeyote angeweza kukosea.

Sultani akamtazama kama mtu atazamaye tope kwenye kiatu chake. Akanena, "Kosa halina sababu. Kosa lina mwenyewe."

Mselemu akafumba macho kwa utamu wa maneno yale.

Kisha Sultani akapata wazo la kujichekesha. Akasema, "Kwa kuwa wewe ni mjuzi wa makosa kuliko mimi, keshokutwa watumishi wangu wote watakuwa chini ya amri yako, tangu jua kuchomoza mpaka kuchwa. Pasitokee kosa hata moja la mtumishi katika nyumba hii. Ukiweza, mkeo yu huru. Likitokea moja, hata la kijiko kuanguka, mtatoka mjini nyote wawili bila viatu."

Watu wa baraza wakacheka. Vuai akasubiri mpaka wamalize, kisha akauliza, "Maulana, na watumishi watanitii mimi hata ukiwaita wewe?"

"Watakutii wewe."

"Na amri yenyewe ni kwamba pasitokee kosa, basi?"

"Basi. Au masikio yako nayo yanataka kiraka?"

Wakacheka tena. Vuai akaomba maneno yale yaandikwe na kupigwa muhuri, na Sultani akakubali kwa furaha, kwani aliupenda sana muhuri wake.

Kesho yake Vuai akaruhusiwa kumwona Mize gerezani. Mize akalia, akamwambia kwamba amejitia kitanzi mwenyewe. Mbeba maji mikono humtetemeka akisikia tu kikohozi cha Sultani, na mtunza nguo huchanganyikiwa akiitwa jina lake. Atawafundishaje watu kama hao kwa siku moja? Vuai akasema hana nia ya kumfundisha mtu. Hakumwambia kwamba tangu jana hajatia chakula kinywani, wala kwamba alikwisha kupima viatu vyake vya zamani kama vingemtosha mkewe, endapo walinzi wangewaonea huruma.

Siku ikafika. Kabla jua halijachomoza Vuai akawakusanya watumishi wote uani, akamwuliza kila mmoja kosa lake la mwisho. Mbeba maji akasema alimwaga maji kwa kuwa mtungi umevunjika mkono tangu mwaka jana, na hakuna anayethubutu kusema kuna kitu kimevunjika. Mtunza nguo akasema alileta joho la kijani badala ya la buluu kwa kuwa chumba cha nguo hakina dirisha. Bawabu akasema alimfungia nje mgeni kwa kuwa alipewa amri mbili, moja ya kufungua na moja ya kufunga, zote kwa saa moja. Vuai akawasikiliza mpaka wa mwisho, akatikisa kichwa.

"Naona kazi za nyumba hii ni za hatari," akasema, akitandika mkeka wake. "Kaeni mkekani. Msiguse kitu."

Wakakaa. Jua likachomoza.

Sultani akaamka akaita maji ya kunawa. Hayakuja. Akaita kifungua kinywa. Hakikuja. Akaita kwa sauti ya adhabu, na watumishi wakatazamana, wakamtazama Vuai, wakabaki walipo. Mwisho Sultani akatokeza kichwa dirishani, akauliza nyumba imepatwa na nini.

Vuai akasimama, akafunua karatasi yenye muhuri, akajibu kwa adabu, "Maulana, uliamuru pasitokee kosa. Hukuamuru itokee kazi. Mbeba maji akibeba maji huenda akayamwaga. Mpishi akipika huenda akaunguza. Tangu alfajiri hapajatokea kosa hata moja, nami nakupa hongera."

Sultani akamwita Mselemu aisome karatasi. Mselemu akaisoma mara tatu, akatafuta neno la kumwokoa bwana wake, asilione. Na kuivunja ile amri kulikuwa ni kusema kwamba Sultani alikosea kuitoa. Basi Sultani akafunga dirisha, akaamua kuvumilia mpaka machweo, akijiambia kwamba kunawa na kuvaa si elimu.

Lakini mchana ule alikuwa akiwatarajia wajumbe wa sultani wa mji jirani, wazee watatu wenye heshima, waliokuwa waje kusema habari ya mpaka wa malisho. Badiri hakuwahi kujivika nguo tangu azaliwe. Chumba cha nguo kilikuwa giza kweli, na mtunza nguo alikuwa mkekani. Akapapasa, joho hakulipata, akapata kanzu, akaivaa kwa njaa na hasira, akajifunga kilemba kilichoegemea sikio moja, akashuka barazani akiwa ameinua kidevu.

Kanzu aliivaa ndani nje. Mishono yote ilikuwa wazi, na nyuma ya darizi ya kifuani, nyuzi zilizofungwa vifundo zilining'inia kama ndevu za mbuzi.

Wajumbe wakainamisha macho. Mselemu naye akaona. Kusema ilikuwa ni kumwambia Sultani amekosea, na kunyamaza ilikuwa ni hatari pia, maana huenda akaulizwa baadaye kwa nini alinyamaza. Basi akateleza nyuma ya mlango, akavua kanzu yake, akaigeuza, akaivaa mishono nje, akarudi mahali pake na uso wa mtu mwenye fahari. Wenzake wa baraza walipomwona wakafahamu. Wakatoka mmoja mmoja, wengine wakisingizia kikohozi, wakarudi wote mishono nje, na kadhi akawa wa mwisho kwa sababu ya unene wake.

Mazungumzo ya malisho yakaendelea kwa shida. Mwisho mjumbe mkubwa hakuweza kujizuia, akauliza kwa upole, "Bwana Sultani, tuwie radhi sisi wageni. Mavazi haya ni desturi ya mji wenu? Tungependa kujua, tusije tukaonekana hatuna adabu."

Sultani akajitazama kifuani. Kisha akatazama huku na huku, akaona baraza lake zima, watu wazima wenye ndevu, wamekaa mishono nje wakimtazama kwa mapenzi. Akafahamu kwamba akisema ni desturi, basi atavaa hivyo mpaka kufa kwake, na wote hawa watamsindikiza. Akatafuta uso mmoja usiomdanganya, akamwona Vuai amesimama mlangoni.

"Ewe Vuai," akasema polepole. "Kanzu yangu ikoje?"

"Imegeuka, Maulana," akajibu Vuai. "Humtokea mtu akivaa gizani kwa haraka. Ivue, uigeuze, uivae tena. Hakuna zaidi ya hapo."

Sultani Badiri akasimama, akaingia ndani, akakawia kidogo, akarudi kanzu ikiwa sawa. Uso wake ulikuwa umelegea kama uso wa mtu aliyetoka homa. Akawaambia wajumbe kwamba alikosea kuvaa. Maneno hayo yalikuwa hayajapata kutamkwa katika baraza lile, na mwandishi hakujua ayaandike au asiyaandike. Kisha Sultani akaamuru Mize atolewe gerezani pale pale bila kungoja jua lichwe.

Mize akaletwa. Sultani akamtaka arudi jikoni. Mize hakushukuru wala hakupiga magoti. Akasema atarudi kesho, chumvi ikikaa katika kibuyu na sukari katika kopo la shaba, mbalimbali, na mbeba maji akipata mtungi wenye mkono. Sultani akakubali. Mize na Vuai wakaondoka, na njiani Mize akamwuliza mumewe kama amekula, akajibu kwamba hajala tangu juzi.

Ama Mselemu na wenzake, hakuna aliyewaamuru wageuze kanzu zao, wala yeyote hakuthubutu kuuliza. Wakatoka barazani alasiri ile, wakapita sokoni kwa mstari, mishono nje, nyuzi zikiwaning'inia, wauza samaki wakiacha kazi kuwatazama. Na inasemekana kila alfajiri baada ya hapo Mselemu alimtuma mtu kwa Sultani kuuliza leo kanzu inavaliwa upande upi, na Sultani hakumjibu hata mara moja.