Komwe la Kwao Nakijwa

Mcheka sura na apige hodi kwanza. Mmeisikia leo, mnauliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Katika shule moja ya milimani Upareni, Senkondo alikuwa na ulimi mwepesi. Shule ilipofunguliwa, Nakijwa alikuja amenyolewa kama sheria ilivyotaka, paji lote nje. Senkondo akasema mstarini, "Komwe hilo lingeanika mahindi ya kijiji kizima." Wenzake wakacheka. Kesho yake Nakijwa hakuja shule, wala siku iliyofuata.

Mwalimu Kirita hakushika fimbo. Alimwambia Senkondo, "Komwe lile hakulinunua sokoni, amepewa kwao. Nenda ukawaambie wenyewe. Nakijwa asiporudi, na wewe usirudi."

Senkondo aliona adhabu hiyo ni mchezo. Alipanda mlima akipiga mluzi, akabisha hodi.

Akafungua bibi, komwe linang'aa. Nyuma yake baba, komwe. Shangazi, komwe. Hata mtoto mgongoni mwa shangazi alikuwa nalo, dogo, la mviringo. Mluzi ukamkauka mdomoni.

Na kwao mgeni haulizwi shida kabla hajala. Wakampa makande, wakamwongeza. Kila kijiko kilizidi kulifanya lile neno kuwa zito.

"Haya, mjukuu wangu," bibi akasema. "Tumesikia una neno letu."

"Nimekuja kumchukua Nakijwa, bibi. Twende shule."

"Ni hilo tu?"

"Lingine limenishinda mlangoni."

Nakijwa akasema nyuma ya pazia, "Waambie lile la mahindi."

Senkondo akalisema, macho chini, sauti ya mbu. Bibi akacheka mpaka akashika ukuta. "Mahindi tu? Enzi zangu walianika na maharage."

Akayatazama masikio ya Senkondo, mapana kama majani ya magimbi. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Wewe ni mgeni wangu," akasema. "Kula."

Senkondo akayafunika masikio kwa viganja. "Nisamehe, Nakijwa. Nimekukosea."

Pazia likasogea. Nakijwa akatoka, mkoba begani. "Maliza hayo makande," akasema, "tutachelewa."

Tangu hapo, mtu akianza kucheka umbo la mwenzake shuleni, Senkondo ndiye wa kwanza kumuuliza, "Kwao umeshafika?" Na wenzake humalizia: Mcheka sura na apige hodi kwanza.