Kwa Nini Kinu Hutangulia Ngoma

Zamani kinu kilikuwa cha kutwangia tu. Mwali wa Kiyao alichezwa kwa ngoma, na bila ngoma hakupata jina lake la utu uzima.

Kisha watu wakatekwa, wakavushwa bahari hadi shamba la mikarafuu la Mzingani. Huko nokoa, msimamizi wa watumwa, alizichoma ngoma zote. Hata majina waligawiwa mapya. Abiti Chiwaula, mjane mtu mzima, aliitwa Faida. Binti aliyemlea tangu mama yake afie njiani aliitwa Zafarani.

Binti alipovunja ungo, alikuwa ameshauzwa, Ijumaa angechukuliwa. Abiti Chiwaula akashikwa na hofu moja: mtoto angeondoka na jina alilopewa na bwana tu, na wahenga wasingemjua.

"Tutamcheza kwa vinu," akawaambia wenzake.

"Mchana huu, shoga? Mbele ya nokoa?"

"Mbele yake hasa. Si hutuona tukitwanga kila siku?"

Wakakosea jambo moja. Ili wasiitwange posho yao yote kwa siku moja, walitwanga vinu vitupu, na kinu kitupu hulia kama mlango unaogongwa. Nokoa akaja mbio. "Mnatwanga nini, upepo?" Akamchapa Abiti Chiwaula bakora, akaenda zake.

Mjane akainuka, akamimina kinuni posho yake yote ya mahindi. Wenzake wakatazamana, kisha mmoja mmoja wakamimina zao. Sauti ikawa nzito, ya chini. Wakazunguka vinu wakiburuta nyayo, kwani anayetwanga harukiruki.

Nokoa akapita tena, akacheka. "Ahaa! Bakora imewafunza kazi!"

"Ndiyo, bwana," wakaitika, bila kukosa pigo. Na katikati ya mapigo Abiti Chiwaula akamtamkia mwali jina lake: Nachuma.

Unga ule haukuliwa. Waliumwaga chini, sadaka kwa mama wa mwali, wakalala na njaa.

Ijumaa mnunuzi akaita, "Zafarani!" Binti akaenda. Abiti Chiwaula hakuthubutu kumwita. Alishika mchi akatwanga, na binti akaburuta nyayo kuyafuata mapigo mpaka mikarafuu ikamficha. Hakuonekana tena.

Na tangu siku hiyo, wajukuu wa watu wale, ingawa ngoma wanazo na hakuna wa kuzichoma, hawaigusi hata moja kabla mahindi hayajatwangwa. Nyayo haziinuliwi, unga hauliwi. Na kabla mwali hajapewa jina lake, huita kwanza, "Nachuma!" Kisha hutega sikio, huenda akaitika.