Mama Yuko Busan

Theluji ya kwanza ilianguka Palisades Park, huko Marekani, Jumamosi ile ambayo wanawake wa kanisa la Wakorea walikusanyika kutia chumvi na pilipili kabichi za majira ya baridi. Kila mwaka Bibi Pil-soon ndiye aliyeonja chumvi. Mwaka huu hakuonekana. Mkamwana wake, Mi-ryeong, alikuwa amewaambia wote kwamba mama yuko Busan, kule Korea, kwa dada yake.

Ulikuwa uongo. Mama alikuwa nyumbani, mtaa wa tatu kutoka kanisani. Kwa miezi minane akili yake ilikuwa ikimtoka kama maji kwenye pakacha.

"Ni uzee tu," alisema Deok-su, mume wa Mi-ryeong. "Ukitangaza, nani atamposa binti yetu Hye-rin? Watasema ukoo una wazimu. Na mimi mtoto wa kwanza, watasema nimeshindwa kumtunza mama yangu."

"Na mimi nikishindwa?"

Deok-su alimkata mama yake kucha taratibu, kidole kwa kidole, kisha akaenda kufungua duka lake la udobi.

Saa nne Mi-ryeong aliingia bafuni kufua shuka iliyolowa. Alipotoka, mlango ulikuwa wazi na upepo unaingia. Koti la mama lilikuwa limetundikwa palepale. Viatu vyake vilikuwepo. Alikuwa ametoka na ndala za ndani.

Alimpigia mumewe simu. "Niite polisi?"

"Usithubutu! Nakuja. Usimwambie mtu!"

Basi Mi-ryeong akatafuta peke yake. Nyayo ndogo zilikwenda hadi barabara kuu, zikapotelea katika tope la magari. Alichungulia nyuma ya maduka na chini ya magari. Alipopita watu alijikaza kama anayekwenda dukani. Saa nzima ikapita. Theluji iliendelea kuanguka.

Kwenye kona alikutana na Shemasi Gwi-nam, amebeba mfuko wa chumvi.

"Mama Hye-rin! Huna hata koti? Baridi hii tutakutia kwenye mtungi pamoja na kabichi!" Alicheka. "Halafu hebu sikia maajabu. Nimemwona bibi mmoja kule mfereji wa reli, kafanana na mama mkwe wako kama pacha. Nilitaka kumwita, nikakumbuka mama yuko Busan. Nikapita zangu."

Mi-ryeong alimshika mkono. Mumewe alikuwa amemkataza kusema.

"Ni yeye," alisema. "Hakwenda Busan. Ana ugonjwa wa kusahau. Tumemficha."

Shemasi aliangusha mfuko, akakimbilia kanisani akipiga kelele. Punde wanawake kumi na wawili walimiminika barabarani na aproni zao, glavu nyekundu kwa pilipili.

Walimkuta ameketi ndani ya mfereji, midomo ya buluu, hatetemeki tena. Mama Tae-yun, mwanamke asiyependa maneno mengi, aliketi kwenye theluji, akavivuta vidole vya miguu ya bibi na kuvitia ndani ya sweta lake, vikagusa tumbo.

Deok-su, aliyekuwa akimtafuta mama upande wa pili wa mji, alifika pamoja na gari la wagonjwa lililoitwa na wanawake. Alipoona kanisa zima limesimama pale, aliinamisha kichwa akingoja fedheha.

"Inua kichwa, mwanangu," alisema Mama Tae-yun. "Mume wangu mnajua yuko Atlanta, sivyo? Hayuko. Yuko chumbani. Mwaka wa pili huu hanijui jina."

Shemasi Gwi-nam alifuta machozi kwa kiwiko, maana glavu zilikuwa na pilipili.

"Jumanne nitakaa mimi na Bibi Pil-soon. Jumatano nitakuja kwako, Mama Tae-yun. Na mniwekee chai, msinifanye mgeni wa heshima!"

Hospitalini daktari alisema nusu saa zaidi ingetosha kumuua. Deok-su alimshika mkewe mkono mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Saa nzima ya siri haikuwapa kitu ila nyayo zilizofutika; neno moja la kweli likawapa mama yao akiwa hai. Hakika, mficha uchi hazai.