Mstari Ndani ya Chaki

Wahenga hawakusema kwamba anayekwenda pole hufika wa kwanza, walisema hajikwai. Tofauti hiyo dereva mmoja aliijua siku ambayo roho yake ilikuwa juu juu. Mkewe alikuwa kwa mama yake, milimani, mimba imetimia. Mkunga alikuwa ameagiza ateremshwe hospitali siku hiyohiyo, kabla mvua haijakata njia. Na gari pekee la kupanda huko, lake mwenyewe linalovuta kwa magurudumu yote manne, lilikuwa likitikisa usukani kama lina homa.

Alfajiri alilifikisha kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi aliyebandikwa jina la Kinyonga. Jina lilimkaa barabara! Hakugusa hata nati moja. Kwanza alisugua ekseli ya mbele kwa brashi mpaka tope la miaka likachuruzika sakafuni. Akaweka kabari kwenye magurudumu ya nyuma, akainua gari kwa jeki, akalikalisha juu ya stendi, kisha akalisukuma kwa bega aone kama litayumba. Halafu akatandika shuka safi na kupanga vitu vyake: spana, soketi, nyundo, beringi mpya, sili, kopo la grisi, shingo ya gurudumu ya akiba, na kipande cha chaki.

"Chaki, shemeji? Unakwenda kufundisha?" dereva alifoka. "Dada yako anangoja!"

"Ndiyo maana sikimbii. Mimi sifungui nisichoweza kufunga. Hebu nishikie tochi."

Dereva aliishika huku akisaga meno. Gurudumu likatoka, beringi zikatoka, kila kitu kikalazwa shukani kwa zamu yake. Ikabaki shingo, kile chuma kinachobeba gurudumu. Kinyonga akaiosha kwa mafuta ya taa, akaikausha kwa kitambaa, akaipaka chaki pande zote. Kisha, Mungu wangu, akakaa kitako akangoja!

"Unangoja nini tena?"

"Tulia, shemeji. Tazama."

Dereva akainama. Aliona weupe mtupu. Mara ukajitokeza mstari mwembamba, umelowa, ukatambaa taratibu hadi ukaizunguka nusu ya shingo. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yalikuwa yakirudi nje, yakiuchora ufa ambao jicho halikuuona. Salaala! Miaka yote hiyo alikuwa amekaa juu ya chuma kile, akiimba na kupiga honi, asijue kilichomo.

"Ingekatika wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Penye uzito. Kwenye ule mteremko, na dada yangu yumo ndani."

Dereva hakutaja haraka tena. Aliiokota shingo ya akiba, akampa shemeji yake kwa mikono miwili.

Alasiri, matone ya kwanza yakianguka, mume na mke walikuwa wakiteremka. Kwenye kona kali gurudumu la mbele likatumbukia shimoni kwa kishindo. Mke akaguna, akashika tumbo. Gari likainuka, likaendelea, usukani umetulia mikononi.

"Mbona machozi, mume wangu?"

"Namshukuru kaka yako."

Kabla giza halijaingia, binti yao alikuwa ameshalia kilio chake cha kwanza, kitandani hospitalini, na mama yake akimchekea. Hakika, mwenda pole hajikwai.