Kiboko Afanya Mazoezi ya Kutawala

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa bwawa!

Ndani ya bwawa mna nini?

Maji!

Maji ya nani?

Enhe, mmenyamaza. Na nyinyi mnaotafuna mahindi huko nyuma, tafuneni polepole. Mimi sirudii.

Palikuwa na bwawa moja tu katika mbuga kavu, na wanyama wote walikunywa hapo. Kila kiangazi walichagua Mkubwa wa Bwawa, yule anayeamua nani anywe na nani asubiri. Kiangazi kimoja walimchagua Kiboko. Kiboko akaingia majini, chubwi! Akalala ukingo huu mpaka ukingo ule. Wanyama wadogo wakasubiri. Wakasubiri weee!

Miongoni mwao alikuwamo Bi Nguchiro, kanyama kembamba kenye mkia mrefu, na watoto wake wawili. Mmoja akafa kwa kiu. Alimzika karibu na bwawa, na bwawa lina maji. Jambo hilo lilimuuma sana. Akabaki na mtoto mmoja, jina lake Kidole, na akaapa kwamba huyu hafi.

Kiangazi kikarudi, uchaguzi ukarudi, na Kiboko naye huyo, karudi kuomba kura. Safari hii alikuja na chumvi. Kila mnyama alipewa bonge la kulamba. Vyura wakatungiwa wimbo, kwa-kwa-kwa, Kiboko wetu! Kwa-kwa-kwa, baba yetu! Wanyama wakacheza mpaka vumbi likatimka.

Kura yao ilikuwa ya foleni. Unayemtaka, unasimama nyuma yake. Sasa ukisimama nyuma ya Kiboko unaona nini? Semeni tu, msione haya. Makalio! Na Kiboko ana tabia yake, akijisaidia anapiga mkia huku na huku, pwata-pwata-pwata! Kwenye kampeni waliokuwa nyuma walijipangusa nyuso wakashangilia, "Ametukumbuka! Ametukumbuka!" Msicheke. Wengine hapa nawajua.

Bi Nguchiro hakukaa nyuma. Alikwenda mbele, upande wa mdomo.

"Mheshimiwa, ukishinda, kwanza nini?"

"Kwanza ngoma!" Vyura wakapiga, kwa-kwa-kwa, wanyama wakacheza.

Kesho yake akarudi. "Mheshimiwa, ukishinda, kwanza nini?"

"Kwanza chumvi!" Wanyama wakalamba.

Akarudi tena. "Mheshimiwa, ukishinda, kwanza nini?"

"Kwanza huyu mama akae chini!" Wanyama wakacheka, ha-ha-ha, wengine wakagaagaa.

Swala akamvuta pembeni. "Bibi wee, mbona una gubu? Umepewa chumvi, lamba unyamaze."

"Mwanangu halambi chumvi," akasema Bi Nguchiro. "Mwanangu anakunywa maji."

Akaenda kwa mgombea wa pili. Huyo alikuwa Muhanga, mchimba mashimo, mwenye masikio marefu na macho ya usingizi. "Ukishinda, kwanza nini?"

"Kwanza mfereji," akasema Muhanga. "Nitauchimba kutoka bwawani mpaka kwenye kile kichuguu. Wadogo watakunywa huko bila kukanyagwa. Halafu nitachimba kisima cha akiba." Akapiga mwayo.

Pundamilia alikuwa anapita, akasikia. "Una wimbo?"

"Sina."

"Una chumvi?"

"Sina."

"Sasa kaka, unagombea nini?" Akaenda zake anacheka.

Bi Nguchiro akakaa chini akafikiri. Akajisemea, mimi nikipiga kelele hawanisikii. Hawa wanamsikia Kiboko tu. Basi wacha waambiwe na Kiboko.

Sasa sikilizeni. Bwawa lile lilikuwa na desturi, kwamba mgombea haingii majini mpaka kura ipigwe. Kiboko alikuwa nchi kavu siku zote za kampeni. Ngozi ilimkauka, ikamwasha, akawa anayatazama maji kama mtoto anavyotazama maandazi ya mwenzake. Bi Nguchiro aliliona hilo.

Akamwendea kwa adabu, shikamoo nyingi. "Mheshimiwa, mimi nimeshindwa na wewe umeshashinda. Nani akuweze? Muhanga? Hata kuongea anasinzia. Ila naogopa jambo moja."

"Jambo gani?"

"Siku ya kwanza ya utawala. Hawa wanyama hawajui taratibu, watakutia aibu. Inafaa wafanye mazoezi kesho asubuhi, kabla ya kura."

Kiboko akakunja uso. "Mazoezi mbele ya wapiga kura?"

"Ee! Bila wananchi utamwamrisha nani, Mheshimiwa?"

Kiboko akafikiri. Kichwa kikubwa, fikra hazina haraka. Mwishowe akauliza kwa sauti ya chini, "Na majini, kwenye hayo mazoezi, naingia?"

"Unaingia."

"Naingia kweli kweli?"

"Mpaka puani. Mazoezi si kampeni, desturi haikatazi."

"Mama, una akili wewe!" akasema Kiboko, na mate yakamtoka.

Asubuhi wanyama wote wakajipanga ukingoni. Bi Nguchiro akapanda juu ya jiwe. "Ndugu zangu, haya ni mazoezi. Mheshimiwa ameshashinda. Vyura, leo na nyinyi ni wananchi, ngoma wekeni chini. Mheshimiwa, umeshinda! Kwanza nini?"

Kiboko hakungoja. Ndu-ndu-ndu-ndu, chubwi! Maji yakaruka, vyura wakatupwa nje. "Aaah! Kwanza maji haya ni yangu!"

Wanyama wakacheka. Mazoezi matamu haya!

"Halafu nini?"

"Halafu ukoka wote wa ukingoni, wangu!"

Pundamilia akaacha kucheka. Ukoka ule ndio chakula chake.

"Halafu nini?"

"Halafu njia ifungwe. Wanakuja na kwato zao kunichafulia!"

Swala akasogea mbele. Sauti yake haikuwa ya maigizo. "Hodi, Mheshimiwa. Tuna kiu."

"Kiu?" Kiboko akacheka, ho-ho-ho. "Si niliwapa chumvi? Chumvi mmelamba, na maji mnayataka? Njooni mvua ikinyesha!"

Ikawa Kidole, mtoto hajui mazoezi ni nini, akashuka taratibu ukingoni, akatoa ulimi anywe. Kiboko akageuka, akafunua mdomo, na mdomo ule mnaujua. Bi Nguchiro akaruka kutoka kwenye jiwe, akamdaka mwanawe, meno yakagongana hewani, kwap! Palibaki nafasi ya unywele.

Bi Nguchiro akasimama mbele ya wenzake, mtoto kifuani. "Mimi sijasema kitu," akawaambia. "Niliuliza tu. Aliyesema ni yeye, na nyote mna masikio. Haya, twendeni tukapige kura."

Kiboko akatoka majini anachuruzika, ameridhika, akawageuzia makalio kungoja foleni yake. Akangoja. Akapiga mkia, pwata-pwata-pwata! Hakuna aliyeshangilia. Akatazama nyuma. Kulikuwa na kupe mmoja, na huyo ni kwa sababu alikuwa ameng'ang'ania mkia.

Foleni ya Muhanga ilifika hadi kwenye kichuguu.

"Jamani!" akalia Kiboko. "Yalikuwa mazoezi tu!"

"Na umeyaweza, Mheshimiwa," akasema Pundamilia. "Tumekuelewa vizuri mno."

Muhanga akaanza kazi jioni ileile, kwaru-kwaru-kwaru. Maji yakafuata mfereji taratibu, mpaka yakafika kichuguuni. Kidole akanywa mpaka tumbo likawa ngoma. Mama yake akamtazama, akalia kidogo, akajifuta, kisha akaenda kuukagua mfereji.

Kila asubuhi akawa anakwenda kuukagua. Muhanga akachoka naye. "Bi Nguchiro, si mmenichagua wenyewe? Mbona huniamini?"

"Nimekuchagua," akasema Bi Nguchiro, "ndiyo maana nakuangalia. Hapa umechimba kina kifupi, kaka. Rudia."

Muhanga akashika kazi, kwaru-kwaru.

Hadithi imeisha. Ikiwakolea, gawaneni. Ikiwakera, mpelekeeni Kiboko.

Na funzo lake ni hili, nawapa wagombea tu: mkitaka kura, msithubutu kufanya mazoezi hadharani. Nyinyi wapiga kura hamna la kujifunza hapa. Nendeni mkalale, chumvi mtaletewa.