Kiganja Juu ya Jiwe la Kinu

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika zama za waja wema palikuwa na mjane mcha Mungu aitwaye Bi Lubaba. Mumewe alimwachia kinu cha kusagia ngano, kinachozungushwa na punda, na hakumwachia kingine. Siku moja jiwe kubwa la kinu likapasuka. Mjane akauza bangili zake, akaenda machimbo ya mlimani akanunua jiwe jipya. Kilichobaki mkononi kilikuwa kidogo, nacho ndicho alichotegemea kumlipa wa kulisafirisha.

Wasafirishaji wa mizigo mizito wakati huo walikuwa na desturi yao. Msafirishaji hataji ujira mpaka aende mwenyewe ulipo mzigo, auzunguke, kisha auwekee kiganja. Akishaweka kiganja na kutamka bei, basi bei haipandi wala haishuki. Desturi nzuri, ndugu zangu. Lakini binadamu tulivyo, hata nyuma ya jambo zuri tunapata pa kujificha.

Akaja Dhakwani, mtu mwaminifu, pamoja na mdogo wake Labidi na gari lao la maksai wawili. Upepo ulikuwa umevuma siku kadhaa pale machimboni, na mchanga ukalifunika jiwe mpaka karibu na uso wake. Dhakwani akaliona ni jiwe la unene wa kawaida, mfano wa yale aliyoyabeba miaka yote. Hakuchimbua pembeni. Akaweka kiganja, akataja ujira, na ujira ule ukalingana sawasawa na alichokuwa nacho mjane.

"Nimekubali," akasema Bi Lubaba.

Walipolifukua ili walipakie, wakakuta jiwe ni nene maradufu.

Labidi akatupa jembe. "Kaka, hili silo ulilolitajia bei. Hili linataka maksai wanne. Bi Lubaba, tuongezee tukodi jozi nyingine, la sivyo tutaangamia kwenye mwinuko."

"Sina cha kuongeza," mjane alijibu. "Na kaka yako ameshaweka kiganja."

Wakabishana mpaka jua likapinduka. Labidi alishikilia kwamba bei ya kitu kisichoonekana si bei. Mjane naye neno lake lilikuwa moja: kiganja, kiganja. Mwishowe Dhakwani akamshika mdogo wake bega.

"Macho yalikuwa yangu, na uvivu wa kuchimbua ulikuwa wangu. Neno limeshanitoka, Labidi. Tupakie."

Labidi akatii. Namwonea uchungu bwana huyu kila nimsimuliapo, maana yeye ndiye aliyesema kweli siku ile, na yeye ndiye aliyelipa. Kazi yake ilikuwa kutembea nyuma ya gari na kabari ya mti, aisukume chini ya gurudumu kila maksai waliposimama kupumua. Katika mwinuko wa mwisho, mji ukiwa umeshaonekana, maksai mmoja akapiga magoti na gari likaanza kurudi nyuma. Labidi akaiweka kabari mahali pake kama siku zote. Lakini kabari ile ilichongwa kwa mizigo ya siku zote. Ikapasuka, gari likampitia, na jiwe likamwangukia.

Dhakwani alimzika ndugu yake kando ya njia. Kisha akaomba msaada wa watu, akalifikisha jiwe mlangoni kwa mjane, akapokea ujira ule ule bila kuongeza neno.

Watu wa mji hawakuridhika, kwani Labidi aliacha mayatima wawili. Wakawapeleka Dhakwani na Bi Lubaba mbele ya Kadhi.

"Ewe Dhakwani," Kadhi akauliza, "mwanamke huyu alikuficha jambo?"

"Simjui kwa hila, Kadhi. Mimi ndiye niliyeweka kiganja."

Kadhi akasema hana njia ya kumhukumu mjane, aende kwake kwa amani. Bi Lubaba akatoka. Alikwisha kuvaa kiatu kimoja pale kizingitini. Kinu kilikuwa chake, riziki ilikuwa yake, na hapakuwa na kiumbe aliyejua. Akakivua kile kiatu, akarudi ndani.

"Kadhi, mimi hukuniuliza."

"Sema."

"Siku niliyonunua jiwe, upepo ulikuwa haujavuma. Nililiona lote. Dhakwani alipoweka kiganja nilisimama karibu naye, nami naujua unene wake. Nikahofu kwamba nikinena atataja bei nisiyoiweza. Nikanyamaza. Sikusema uongo, na hilo nilijisifia mpaka aliponiletea jiwe lina damu."

 Kadhi akahukumu kwamba mjane amlipe Dhakwani ujira unaolingana na mzigo wenyewe. Bi Lubaba hakuwa nao. Akakitoa kinu na jiwe lake, bila kulazimishwa, kiwe mali ya mayatima, naye abaki humo akisaga kwa posho. Halafu akamgeukia Dhakwani, akamwomba msamaha.

"Ujira nimekusamehe," alisema Dhakwani, huku machozi yakimtoka. "Damu ya Labidi si yangu. Waulize wanawe watakapobaleghe."

Akasaga miaka hiyo yote. Mtoto mkubwa wa Labidi alipobaleghe, Bi Lubaba alimsimamisha mlangoni mwa kinu, mikono imejaa unga, akamweleza yote, akamwomba msamaha. Kijana akamtazama, akanyamaza.

"Una haki, mwanangu," alisema Bi Lubaba. "Nami nilinyamaza." Akarudi kwenye jiwe, kwa kuwa palikuwa na ngano ya watu inayongoja.

Hatukusimuliwa kama kijana yule alikuja kusamehe. Tulichosimuliwa kinatutosha. Ndugu yangu unayekodi na unayekodisha, mwenzako akikosea bei mbele ya macho yako, usijifariji kwamba hukusema uongo. Tunamwomba Mola Mtukufu atufungue vinywa kabla kabari haijapasuka.