Wageni wa Bafuni kwa Bi Nyegere

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hizo? Mmekula au hamjala? Na nyinyi watu wazima huko nyuma, mnaojifanya mmewasindikiza watoto tu, itikieni. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba na kila nyumba ina bafu lake, palikuwa na Bwana Nyegere na mkewe. Nyegere mnamjua? Yule mfupi, mgongo mweupe, haogopi kitu. Chakula chake asali. Asubuhi asali, mchana asali, jioni asali, na katikati analamba vidole. Mkewe, Bi Nyegere, yeye alipenda usafi. Bafu lake la mabua lilikuwa nyuma ya nyumba, na mawe yake aliyasugua mpaka yakang'aa.

Siku hizo Bi Nyegere alikuwa na mashaka. Mumewe alikuwa anakwisha. Anakula, anakonda. Anakunywa mtungi mzima wa maji, gu-gu-gu-gu, na bado koo limekauka. Kila mara yuko njiani kwenda bafuni, haja ndogo. Anakwenda, anarudi. Anakwenda, anarudi.

"Mume wangu, unaumwa?"

"Siumwi. Ni jua la mwaka huu."

Jua! Na mvua ilikuwa inanyesha. Bi Nyegere aliogopa sana. Alimpenda yule mumewe, pamoja na ubishi wake.

Asubuhi moja akaenda kuoga. Lo! Sisimizi! Tititi, tititi, tititi, mstari mweusi kutoka chini ya mabua mpaka kwenye kona moja ya bafu. Kona moja tu. Na walikuwa wanaimba. Nisaidieni kuimba:

*Hodi, hodi, mwenye bafu,*
*kona hii tumeitwa,*
*tuulize, tutasema,*
*hodi, hodi, mwenye bafu.*

"Hodi gani na mmeshaingia!" Bi Nyegere akafoka. Mama mkwe wake alikuwa ametuma salamu kwamba anakuja baada ya siku saba. Akute sisimizi bafuni? Si ataambiwa ni mchafu?

Akaleta majivu, akamwaga. Kesho yake, tititi, wamepita juu ya majivu. Kona ileile. Akakamua ndimu. Kesho yake, tititi, wameizunguka ndimu. Kona ileile. Akachemsha maji, chwaaa! Wakatawanyika, wengine wakapanda ukutani. Kesho yake je?

Tititi, tititi. Kona ileile. *Hodi, hodi, mwenye bafu.*

Siku ya sita akaenda kwa Kakakuona, rafiki wa mumewe. Kakakuona ana magamba mwili mzima, ana ulimi mrefu kama mshipi, na chakula chake ni sisimizi. Akaja. Akakaa mlangoni pa bafu. Akautoa ulimi, fyuuu! Bi Nyegere akafumba macho kwa furaha.

Akafumbua. Ulimi umerudi ndani.

"Shemeji," Kakakuona akasema, "hawa wamepiga hodi siku ngapi?"

"Leo ya sita."

"Na umewauliza shida yao?"

Nchi ile ilikuwa na desturi. Mgeni akipiga hodi, anapewa maji kwanza, halafu anaulizwa kilichomleta. Ndivyo walivyolelewa wote.

"Mimi simli mgeni ambaye hajasema shida yake," Kakakuona akasema. "Atanikaa kooni."

"Wageni? Hawa wadudu?"

Sisimizi mmoja, bibi kizee, akasogea mbele. "Mama, maji umeshatupa, tena ya moto. Bado kutuuliza tu."

Kakakuona akacheka mpaka magamba yakalia kacha-kacha-kacha. Bi Nyegere aliona haya. Akachuchumaa.

"Haya. Kimewaleta nini?"

"Utamu."

"Bafuni kwangu hakuna utamu. Kuna maji na jiwe la kusugulia miguu."

"Upo, mama. Pale kwenye kona. Nani anasimama pale?"

Bi Nyegere akaitazama kona. Yeye hasimami pale. Anayesimama pale, anayekwenda na kurudi, ni mmoja tu.

"Mume wangu," akasema polepole.

"Basi asali anayoila haimkai mwilini. Inapita, na sisi tunaikuta hapa. Sisi tunashiba, mama. Yeye anakwisha."

Siku sita anagombana na sakafu, na mumewe anapotea juu ya sakafu hiyohiyo! Akalia. Kisha akafuta machozi, akaita, "Nyegere! Njoo hapa sasa hivi!"

Nyegere akaja na ubishi wake. Akaonyeshwa kona. Akaonyeshwa mstari. Watoto, Nyegere haogopi simba, haogopi nyoka. Siku ile aliogopa sisimizi. Akakaa chini, pu!

"Mke wangu, nifanyeje?"

"Kwanza lete hicho kibuyu."

Akakitoa kibuyu cha asali. Wakaenda kwa Kobe, mganga. Kobe akampa majani machungu, akamwambia asali basi, sasa mizizi na mende, na kutembea asubuhi na jioni.

Kesho yake mama mkwe akafika. Akaingia bafuni, akatoka mbio. "Mkwe wangu, bafu lako lina sisimizi!"

"Waache, mama. Nawahesabu."

Akamweleza yote. Mama mkwe hakumwita mchafu. Tangu siku ile, kila asubuhi wanawake wawili walichuchumaa bafuni, vichwa vimegusana, wanatazama kona. Leo mstari. Siku nyingine sisimizi ishirini. Siku nyingine watano. Siku nyingine mmoja, amekuja kuaga.

Halafu asubuhi moja kona ilikuwa tupu. Mama mkwe akapiga vigelegele mpaka mabua yakatikisika, na Bi Nyegere akamkumbatia mumewe, akakuta mikono haimtoshi tena, amenenepa.

Ndipo akachukua kile kibuyu, akaenda nje, akamwaga asali yote chini ya mti wa miiba. Akaita, "Karibuni, wageni wangu!" Tititi, tititi, tititi. Nyegere akapita karibu, akatazama upande mwingine, akameza mate.

Basi, wakubwa kwa wadogo: anayekupigia hodi, hata akiwa mdogo, hata akikukera, muulize kwanza kilichomleta. Huenda amekuja kukuokolea mtu wako.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni pa bafu. Anayetaka kuoga, maji yapo, ila aanze kuitazama kona.